Siafu Atoka Getini

Gari la matangazo lilipita mtaani kwetu Buhongwa, Mwanza, Alhamisi jioni: Jumamosi, kuanzia saa mbili asubuhi, kila mwenye mbwa ampeleke uwanja wa shule, ng'ambo ya barabara kuu, apate chanjo ya kichaa cha mbwa. Kwa mtu safari hiyo ni fupi. Unateremka kilima chetu cha mawe, unapita kijiwe cha bodaboda, unapita mabanda ya soko, unavuka barabara iendayo Shinyanga, umefika. Kwa Siafu ilikuwa mara ya kwanza kutoka getini kwangu kwa miguu yake, na njia yote ilikuwa imejaa vitu viwili vinavyomvuruga: watu asiowajua na mbwa wenzake.

Siafu ni jike wa rangi ya kahawia, kimo chake kinafika gotini. Alikuja kwangu akiwa mkubwa, akitokea yadi ya mbao alikokuwa akifungwa mnyororo mchana na kufunguliwa usiku. Mtu akigonga geti, alikuwa akijirusha kwenye bati na kubweka mpaka sauti inakauka. Wageni walimsifu kwa ukali. Mimi niliyekuwa nikimtazama kutoka nyuma niliona mkia umebanwa chini ya tumbo, masikio yamelala, uzito wote umeegemea miguu ya nyuma, tayari kukimbia. Huyo ni mbwa mwenye hofu. Anabweka ili kile anachokiogopa kiondoke, na kila siku kinaondoka: mpita njia anapita, muuza mitumba anaendelea na mizunguko yake, naye mbwa anabaki akiamini kwamba kelele zake ndizo zilizomwokoa. Kesho yake anaziongeza.

Kwa hiyo tulianza shule uani, mbali na geti. Nilimfundisha jambo moja tu: nikigonga ulimi kwenye kaakaa, dagaa anafuata. Bila kukosa. Mlio ule ukawa ahadi. Wapo Watanzania wanaoifanya kazi hii kwa ustadi mkubwa kuliko mimi. Shirika la APOPO, lenye kituo chake Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, huwafunza panya buku kunusa mabomu ya ardhini na kifua kikuu kwa kanuni hiyohiyo ya mlio mfupi na chakula. Magawa, panya aliyezaliwa na kufunzwa Tanzania, alipelekwa Kambodia akafichua mabomu na vilipuzi zaidi ya 100 vilivyofukiwa ardhini, na mwaka 2020 shirika la PDSA la Uingereza likamtunuku nishani ya dhahabu. Ikiwa ahadi ya mlio na chakula inamwezesha panya kufanya kazi kwa utulivu kwenye uwanja wa mabomu, niliona haishindwi kumpitisha mbwa Buhongwa.

Jumamosi tuliamka kabla ya jua. Nilimvalisha Siafu mkanda wa kupita kifuani, ili akivuta asijikabe koo, na kikinga cha mdomoni cha matundu, kile kinachomwacha aheme, apanue taya na apokee dagaa. Kikinga hicho alikuwa ameshakizoea kwa kula ndani yake. Mbwa anayevalishwa kitu kigeni siku ya safari huanza safari akiwa amekwisha kuvurugika. Mkononi nilishika kamba nene, ndefu kiasi cha kumwacha ageuke bila kukazwa. Kiunoni nilifunga mfuko wa dagaa.

Dagaa wa ziwa letu ni zawadi inayofaa mno kwa kazi hii. Ni wadogo, mbwa anammeza mmoja upesi na kurudisha macho kwako, na harufu yao inapenya hata hofu ikiwa imepanda. Wavuvi huwavua usiku kwa taa, kisha dagaa huanikwa ufukweni na juu ya mawe, na sokoni kwetu hawakosekani. Mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka viwanda vya minofu, ndiyo chakula cha mbwa wengi wa Mwanza, lakini miiba yake ni mikubwa na mbwa anayekula kwa pupa njiani anaweza kukwamwa.

Aliyetusindikiza ni kijana wa jirani, mwanafunzi wa sekondari. Kazi yake ilikuwa kutangulia hatua kadhaa na kuchungulia kila kona. Akiinua mkono, tusimame, akiushusha, tupite.

"Mwalimu, yeye tukimwachia tu azoee, haitoshi?" aliniuliza nikiwa nafungua komeo.

"Akiachiwa azoee karibu sana, anachozoea ni kuogopa," nilimjibu. "Tutampa nafasi kwanza."

Geti lilifunguliwa kiasi cha kiganja. Siafu akasukuma pua, nikalifunga taratibu. Akarudi nyuma, akanitazama, nikagonga ulimi, nikampa dagaa, nikalifungua tena. Tulitoka pale tu alipoweza kuona njia wazi bila kuirukia. Waliopita barabarani walidhani geti limeharibika, lakini utulivu wa safari nzima ulikuwa unaamuliwa pale, kwa sababu mbwa anayetoka nyumbani kwa mchomoko hufika kona ya kwanza damu ikimchemka.

Mtu wa kwanza alikuwa mama aliyebeba beseni kichwani, akielekea sokoni.

"Mwangaluka, mwalimu," alinisalimu kwa Kisukuma.

"Mwangaluka, mayu," nilimjibu, nikiwa nimesogea upande wa pili wa njia.

Siafu alikakamaa. Mdomo ukafumba, masikio yakaelekea mbele. Kabla hajabweka niligonga ulimi. Shingo ikageuka, dagaa akaingia. Akamtazama tena yule mama, mlio, dagaa. Mama alipokwisha kupita, dagaa nao wakakoma. Mpangilio huo una sababu. Mtu atangulie kuonekana, dagaa afuate. Ukitanguliza dagaa, mbwa mwerevu atajua kwamba chakula kikitoka mfukoni basi hatari iko karibu, na utakuwa umemharibia hata chakula. Unachotaka ni kuibadilisha maana ya mtu mgeni moyoni mwake, awe dalili ya jambo jema linalokuja.

Kipimo changu njia nzima kilikuwa ni kula. Siafu akichukua dagaa kwa ulimi laini, tuko mbali vya kutosha. Akimnyakua kwa meno, tumekaribia mpaka. Akimwacha aanguke, tumeshauvuka, na hapo hakuna somo linaloingia. Ni kurudi nyuma tu. Zipo dalili nyingine ndogo ambazo watoto wetu wangefaa kufundishwa mapema: mbwa anayelamba pua yake bila chakula, anayepiga miayo bila usingizi, anayegeuza uso huku weupe wa jicho ukionekana, anayeganda ghafla. Yote hayo ni maneno ya mbwa kabla ya kunguruma, na kunguruma ni neno lake kabla ya kuuma.

Chini ya kilima tulikutana na mzee mwenye kanzu na kofia, akitoka msikitini. Nilimshikisha Siafu ukingo wa mtaro, mbali naye, nikamwamkia. Kwa Waislamu wengi wa huku, wanaofuata madhehebu ya Shafi, mate ya mbwa ni najisi, na yakigusa mwili au nguo huoshwa mara saba, moja ikiwa kwa udongo. Umbali niliompa mzee yule ulikuwa heshima kwake na msaada kwa Siafu kwa wakati mmoja. Mzee aliitikia marahaba, akatazama ile kamba na kikinga, akasema, "Hivyo ndivyo. Kila mtu apite na amani yake." Nilitamani wenye mbwa wote wa Buhongwa wangemsikia.

Kijiweni pikipiki zilikuwa zimepangwa, vijana wamekaa juu yake wakisubiri abiria wa alfajiri. Nilisimama mbali, kwenye jiwe kubwa lililo kando ya njia, na kijana wangu akaenda kuzungumza nao. Maombi yetu yalikuwa matatu: wasimwite, wasimkazie macho, wasimnyooshee mkono. Mmoja akauliza kwa sauti, "Mwalimu, huyo anauma?"

"Anaogopa," nikasema. "Mkitulia, naye atatulia."

Tukaanza kusogea, kwa kuzunguka badala ya kwenda moja kwa moja. Mbwa wawili wenye adabu hukutana kwa mkunjo, kila mmoja akipita ubavuni. Kumwelekea mwingine uso kwa uso ni kumtafuta ubaya. Hatua chache, Siafu anawatazama, mlio, dagaa, pumzika. Hatua chache tena. Mwaka 1924 mwanasaikolojia wa Marekani, Mary Cover Jones, alichapisha habari za mtoto mdogo aliyempa jina la Peter, aliyeogopa sungura. Alimpa mtoto chakula anachokipenda huku sungura akiletwa karibu kidogo kidogo, hadi mtoto akaweza kumshika. Jambo alilolionyesha miaka 100 hivi iliyopita ndilo tulilokuwa tukilifanya kando ya kijiwe: chakula na umbali kwa pamoja, na anayeogopa ndiye anayeamua mwendo.

Tulikuwa tumekwisha kuwapita nusu yao mbwa koko alipochomoka chini ya kibanda cha chipsi, mkia juu, akatujia mbio. Siafu alilipuka. Alisimama kwa miguu miwili, manyoya ya mgongo yote wima, sauti imepasuka. Kijana akasimama kati yetu na yule mbwa, mwili wima, mikono kifuani, hakupiga kelele. Mimi nikageuka na Siafu tulikotoka, bila kumkemea wala kuikaza kamba zaidi ya kumzuia, kwa sababu kamba inayokazwa humwambia mbwa kwamba hata wewe umeiona hatari. Nyuma ya jiwe nikamwaga konzi ya dagaa kwenye nyasi. Hakuwaona. Tulikaa hadi pumzi ilipoanza kushuka, hadi pua ikainama, akamwokota mmoja, kisha mwingine. Kunusa chini humtuliza mbwa. Hofu iliyochemka hupoa taratibu, mfano wa sufuria ya uji iliyoepuliwa: juu imetulia, ndani bado inaunguza. Ndiyo maana hatukuondoka upesi.

Mwanaume mmoja aliyekuwa akitutazama alinisogelea. "Mwalimu, mchape huyo. Mchelea mwana kulia hulia yeye."

Nilimjibu kwa heshima, kwa sababu alisema alichokuzwa nacho. Siafu akichapwa kila anapomwona mbwa mwingine, atajifunza kwamba mbwa mwingine huja pamoja na maumivu, na hofu yake itapata ushahidi. Huenda akaacha kubweka. Huenda akaacha hata kunguruma. Hapo ndipo atakapokuwa wa hatari, kwa sababu mbwa aliyenyang'anywa onyo huuma bila kuonya, na anayeumwa mara nyingi ni mtoto. Yule bwana alifikiri, kisha akaenda kumfukuza mbwa koko kwa kupiga makofi, akatufungulia njia. Nilimshukuru.

Nilidhani barabara kuu ndiyo itakayotushinda: Hiace za kwenda mjini kupitia Mkolani, Nyegezi na Mkuyuni, malori ya Shinyanga, honi, vumbi. Siafu alivuka pembeni yangu akiwa ametulia kabisa. Mngurumo wa malori ameukulia yadini. Kila mbwa ana orodha yake ya hofu, na mwenye mbwa hana budi kuisoma orodha ya mbwa wake mwenyewe, asimhukumu kwa orodha ya mbwa wa jirani.

Uwanja wa shule ulikuwa umejaa kuliko nilivyotarajia. Watoto ndio waliokuwa wengi. Mmoja ameshika mbwa kwa waya wa umeme, mwingine kwa kipande cha chandarua, mwingine kamleta ndani ya gunia juu ya baiskeli, kichwa kikichungulia. Mbwa walibwekeana, waya zikasokotana, wengine wakachoropoka na kukimbilia nyumbani kabla ya kufikiwa. Tulikaa mbali, chini ya mwembe uliokuwa nje ya mstari wa uwanja, mahali ambapo Siafu aliweza kuwatazama wenzake na bado akala. Kijana akaenda peke yake kwa afisa mifugo wa kata na kumweleza kwamba tunaye mbwa ambaye hawezi foleni. Afisa alitupungia mkono: subirini, nitawafuata.

Pale chini ya mwembe nilielewa kwa nini safari hii ilikuwa na uzito kuliko adabu ya mbwa mmoja. Makadirio yanayotumika mara nyingi yanasema kichaa cha mbwa huua watu wapatao 1,500 kila mwaka Tanzania, na duniani watu wapatao 59,000. Dalili zikishajitokeza, karibu hakuna anayepona. Lakini tangu tarehe 6 Julai 1885, Louis Pasteur alipomchanja mtoto aliyeumwa na mbwa, Joseph Meister, tumejua kwamba kifo hiki kinazuilika. Aliyeumwa aoshe jeraha mara moja kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha akimbilie kituo cha afya kupata chanjo. Na kwa upande wa mbwa, wakichanjwa asilimia 70 katika eneo, ugonjwa hukosa njia ya kupita na hufifia. Mashariki mwetu, katika vijiji vinavyopakana na Serengeti, wataalamu wamekuwa wakichanja mbwa kwa miaka mingi, na huko wamewapunguzia watu na wanyamapori balaa hili.

Sasa hesabu asilimia hiyo mtaani kwetu. Kampeni ya chanjo humtegemea mwenye mbwa amlete mbwa uwanjani. Mbwa anayefuata kamba anakuja. Mbwa asiyeshikika anabaki nyumbani, na huyo ndiye mwenye uwezekano mkubwa wa kumuuma mtu. Tumewajaza majumbani mbwa wa mnyororo, tukaandika getini "Mbwa Mkali", halafu siku ya chanjo tunashindwa kuwavusha barabara. Utulivu wa mbwa ni sehemu ya afya ya mtaa. Sindano ipo, afisa yupo, uwanja upo. Kinachokosekana ni mbwa anayeweza kutembea kutoka nyumbani hadi pale.

Foleni ilipopungua, afisa alitufuata. Nilimwomba asije kwa uso wa mbwa, aje kwa ubavu, asiiname juu yake. Alicheka kidogo akasema miaka yote hii ni mbwa wanaomfundisha hivyo. Nilimgeuza Siafu kichwa upande wangu, nikashika mfuko, mlio, dagaa, mlio, dagaa. Sindano iliingia nyuma ya bega wakati anatafuta dagaa wa tatu. Alishtuka, akageuka kunusa mkono wa afisa, akarudi kwangu. Afisa akaandika cheti, akanipa tarehe ya mwakani.

"Wengi wa namna hii huwa siwaoni," alisema. "Nawasikia tu wakibweka nikipita."

Pembeni yetu msichana mdogo alikuwa amempakata mtoto wa mbwa wa wiki chache, akimwonyesha kila kitu: watu, ng'ombe waliokuwa wakipitishwa, gari la afisa. Nilimwambia aendelee hivyohivyo. Mwaka 1965 watafiti John Paul Scott na John Fuller walitoa kitabu kutokana na miaka mingi ya kulea mbwa huko Bar Harbor, Maine, na walionyesha kwamba kati ya wiki ya 3 na ya 12 hivi ndipo mbwa hujifunza ni viumbe gani ni wa kwao. Msichana yule alikuwa akimjengea mbwa wake, bila gharama yoyote, kile ambacho mimi na Siafu tunakitafuta sasa kwa mfuko mzima wa dagaa. Umleavyo ndivyo akuavyo. Kwa mbwa, malezi hayo huanza mapema sana.

Wakati wa kurudi tulipita njia ya nyuma ya mabanda, yenye watu wachache, kwa kuwa Siafu alikuwa amechoka na mbwa aliyechoka mpaka wake husogea. Kijana aliuliza swali ambalo nimeulizwa na watu wengi tangu siku ile: "Sasa akiwa mpole, mwizi si ataingia?"

Mbwa mtulivu hana kasoro ya ulinzi. Jeshi la Polisi lina Kikosi cha Mbwa na Farasi, na mbwa wake hufaa kazi kwa kuwa wanasikia amri katikati ya umati. Huko Usa River, Arusha, shirika la African Wildlife Foundation limefunza mbwa wanaonusa pembe za ndovu bandarini na viwanja vya ndege, wakipita kati ya mizigo na abiria bila kumtisha mtu. Mbwa anayebwekea kila kinachopita hampi mwenye nyumba habari yoyote, maana hata usiku wa mwizi sauti ni ileile ya muuza maandazi. Anayekaa kimya mchana, akibweka saa nane usiku, watu wote ndani wataamka.

Siafu bado hajamaliza. Yapo mapito hatuyawezi, na mbwa koko wa kijiweni bado anamtoa jasho. Hatuna haraka, kwa kuwa kinachohesabiwa ni kila mara alipomwona mgeni na akachagua kunitazama. Wewe uliye na mbwa wa mnyororo, usisubiri gari la matangazo. Anza leo uani: kamba isiyokaza, mkanda wa kifuani, dagaa mfukoni, mlio mmoja usiodanganya. Kesho fungua geti kiasi cha kiganja. Ukimwona jirani anakuja, sogea wewe kwanza, umpe yeye njia na mbwa wako nafasi. Siku ya chanjo ikifika utakuwa na mbwa anayefika uwanjani, na mtoto wa jirani atakuwa salama zaidi kwa sababu yake.